Tulimpaka Nati Rangi Nyeusi

Benchi letu liko nyuma ya stendi, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu, na limepakwa rangi tatu kwa sababu Brashi, fundi rangi wa nyumba, huja na mabaki ya ndoo kutoka kazini na hawezi kuona ubao mtupu akauacha. Tunakutana hapo kila siku kuanzia saa tisa, jua likishahamia upande wa pili na muuza kahawa akishatua birika lake. Mimi wananiita Soli. Brashi nimeshamtaja. Wakili si wakili, ni mpiga chapa. Anaandikia watu barua nje ya mahakama, na maneno ya korti yamemkaa mdomoni hata akiomba sukari. Dozi anauza kwenye duka la dawa, na ukimwambia umeamka salama atakuuliza umejuaje. Zamani tulikuwa watano. Wa tano alikuwa Nati, fundi wa pampu za maji, na siku ninayoisimulia ilikuwa ya ishirini na mbili hatujamtia machoni.

Kabla sijafika mbali nieleze Ngome, maana bila Ngome hutaelewa watu wazima wenye familia walikuwa wanashikana mikono kwa ajili ya nini. Ngome ni mchezo wa simu usio na picha hata moja. Ni maneno matupu kwenye kioo cheusi. Unaandikiwa: uko kwenye ukumbi wa mawe, kaskazini kuna mlango, gizani kuna kitu kinapumua. Wewe unajibu: nenda kaskazini. Basi unakwenda, na ukifa umekufa. Wachezaji ni wengi, kila mtu yuko kwake, na maneno yao yote yanapita kwenye kioo kimoja kama abiria. Ndiyo maana mchezo una sehemu ya rangi, ambapo kila mchezaji anachagua kwenye simu yake mwenyewe maneno gani yawe na rangi gani.

Hapo Brashi alipata ufalme wake. Alichukua simu zetu moja moja akazipangilia: jeraha jekundu, mali njano, Wakili buluu, mimi kahawia ya ngozi, Dozi nyeupe kama koti lake, yeye zambarau, na Nati kijani. Baada ya wiki hukuhitaji kusoma jina. Kijani kikipita unajua Nati kasema, na kabla hujamaliza mstari umeshacheka. Hata hapa benchini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kazi yake ilimpa sauti ya kumwita mtu aliye chini ya kisima, na akianza kusimulia, hata abiria waliochelewa gari walisimama. Sisi wengine tulikuwa watu wa kuitikia.

Sasa kosa lake. Siku aliyopotea, mchana, kila mtu akiwa kazini kwake, tulifika kwenye daraja la ngome ya sita, mahali tulipopahangaikia miezi minane. Daraja lile linavukwa na wanne huku wa tano akishika mnyororo, na kushika mnyororo ni kuandika neno "shika" kila baada ya pumzi chache, bila kukoma. Nati ndiye aliyeshika. Tulipofika katikati, kijani kikakoma. Hakuaga, hakuomba udhuru. Daraja likaanguka, tukafa wote wanne, na kila tulichokusanya kikaenda na maji.

Jioni yake Nati hakuja. Simu yake haikupatikana. Wakili akasimama mbele ya benchi akatusomea mashtaka. Kumfukuza kundini hatukuweza, kwa sababu Nyumba yetu ndani ya mchezo ni ya watu watano, mmoja akitoka Nyumba inakwenda. Kumfungia asituandikie nako kungempa taarifa. Basi Wakili akatoa hukumu: tumpake nyeusi. Maneno meusi kwenye kioo cheusi. Ataongea, na atadhani anasikika, ila hakuna atakayemwona mpaka aje kwa miguu yake kuomba radhi. Na atakayemrudishia rangi kabla ya hapo, naye apakwe. Tukaapa. Brashi ndiye aliyebonyeza simu zote nne, na mimi ndiye niliyempa yangu wa kwanza, nikiwa bado na hasira za kufa.

Kuna jambo sikuwaambia wenzangu. Mtu aliyepakwa nyeusi hapotei kabisa. Maneno yake huyaoni, lakini nafasi yake inabaki, kioo kinaacha pengo. Siku zile za mwanzo, kila ikifika saa saba mchana, pengo lilikuwa refu la kutosha kuweka barua. Kisha likawa la mistari mitatu, kisha mmoja. Niliona. Nilipitisha kidole nikaendelea.

Siku hiyo ya ishirini na mbili ilikuwa ya kuhesabiwa. Kila miezi mitatu mchezo unataka watu wote watano wa Nyumba waandike neno "nipo" kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo Nyumba wanapewa wengine. Sisi wanne tulishaandika. Kama Nati ameandika hatukuweza kujua, maana tulikuwa tumejipofusha wenyewe.

Brashi ndiye aliyeanza. Alisema tumrudishie kijani chake dakika tano tu, tuangalie, kisha tumpake tena.

— Hukumu haina dakika tano, akasema Wakili. Ukiifungua kidogo umeifungua yote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshajenga, kwa hiyo hatuna shida.

— Hiyo methali umeipindua.

— Methali ni ya mwenye kuitumia.

— Sasa Nyumba ikienda?

— Iende. Heshima ibaki.

Dozi alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari, kama kawaida yake, ili kuondoa hofu. Akasema yeye haogopi Nyumba kwenda, anaogopa kinachoandikwa kwenye yale mapengo. Nikashtuka kidogo, kumbe naye aliyaona. Alidai Nati amenunuliwa na kundi jingine, na kwamba anaandika kila siku ili apime nani kati yetu atalegea.

— Kila siku saa ile ile, alisema. Saa saba. Binadamu wa kawaida hana saa. Mwenye saa ni mtu aliyeajiriwa.

— Ameajiriwa na nani? niliuliza.

— Na wenye mchezo. Walimweka kwetu tangu mwanzo. Nani kati yenu amewahi kuiona pampu aliyoitengeneza?

Tukatazamana. Ni kweli, hakuna aliyewahi. Brashi akasema mikono yake ilikuwa na grisi kila siku. Dozi akajibu kwamba grisi inauzwa, yeye mwenyewe dukani anayo.

— Basi sikilizeni langu, akasema Wakili, akikaza shingo. Nati anayeandika sasa si Nati. Nati mwenyewe aliona aibu akahama, akamwachia mtu jina lake na neno lake la siri. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ukimrudishia rangi leo, unamkaribisha mgeni usiyemjua chumbani kwako.

— Sasa huyo mgeni anatuandikia nini siku zote hizo bila kujibiwa? Brashi akauliza. Angeshachoka.

— Ndiyo ujue ana nia.

— Mimi naona Nati ni watu wawili, akasema Dozi taratibu. Wa benchini na wa kwenye simu. Wa benchini alikuwa mnene wa sauti. Wa kwenye simu alikuwa anaandika kwa upole mno. Hamkuliona hilo?

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa ituingie puani. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Saa ilikuwa kumi kasoro, na kila mtu alikuwa na simu yake gotini kama mtu aliyepewa mtoto wa wenzie amshike. Mimi nilikuwa nashona soli ya kiatu cha mtu, nikajichoma sindano mara mbili. Nilijiuliza hata anakaa wapi huyu Nati. Miezi minane ya kucheka naye, na nilichojua kwa hakika ni kwamba kiatu chake cha kushoto kinalika upande wa nje. Tulimtafuta kwa simu siku moja, hakupatikana, tukasema kiburi. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi ndiye mwenye benchi.

Brashi aliinamia simu yake. Nikaona kidole kinakwenda kwenye sehemu ya rangi. Wakili naye akaona. Akamdaka kifundo cha mkono.

— Niachie.

— Uliapa.

— Niliapa nikiwa na hasira. Niachie mkono, Wakili, huu ndio ninaolishia watoto.

— Ukibonyeza, nawe tunakupaka. Uongee peke yako mpaka mwaka ukatike.

Brashi hakutoa mkono na Wakili hakuuachia. Walikaa hivyo, wanaume wawili wenye mvi za kuanzia, wakitetemeka kwa nguvu zao wenyewe, na Dozi akawaondolea vikombe karibu visije vikamwagika. Mimi nilitaka kusema mwache abonyeze. Nikakumbuka kwamba atakayemtetea mweusi anakuwa mweusi, nikavuta uzi nikaendelea kushona. Najionea haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

— Samahanini, kaka zangu. Hapa ndipo kwa Soli?

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa aproni ya duka la mikate, unga umemkauka mpaka viwikoni. Alikuwa amekuja kwa haraka na pumzi ilikuwa bado haijamrudia. Mkononi alishika kipande cha karatasi chenye mchoro wa stendi, kibanda na benchi lenye mistari mitatu. Wakili akauachia mkono wa Brashi.

— Ndipo, dada. Karibu. Kiatu?

— Hapana. Mimi ni dada yake fundi wa pampu. Kaniambia hapa mnamwita Nati.

Nilimsogezea kigoda, akakataa kukaa. Alisema hana muda, aliomba ruhusa ya saa moja tu kazini. Kisha akatueleza, akisimama hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayedhani anarudia habari ambayo wenzake wanaijua. Kwamba tangu siku ile ya kuanguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji, ndugu yake hajatoka hospitali. Taya lilivunjika na koo likaumia. Hasemi, anaandika kwenye karatasi. Simu yake ilipasukia chini pamoja naye na namba za watu wote zikaishia humo, ila neno la siri la ule mchezo wetu alikuwa nalo kichwani. Basi kila siku saa saba, yeye dada akipata mapumziko, humpelekea chakula cha kunywa kwa mrija na kumwachia simu yake saa nzima awaandikie rafiki zake.

— Mimi huo mchezo siujui, alisema. Akimaliza anaufunga, ananirudishia. Nikimuuliza wamesemaje, ananiandikia kwamba mna kazi nyingi siku hizi, ila mnasoma. Kila siku anawatetea.

Dozi aliweka kikombe chini, hakikukaa sawa, kikalala ubavu.

— Nimekuja kwa sababu ya jana, dada akaendelea. Jana alinirudishia simu mapema. Leo nilipompa akaisukuma. Kuna daktari mpasuaji anayekuja mara moja kwa mwezi, na siku yake ni leo. Kaleta karatasi ya kutia sahihi ili apasuliwe koo, na ndugu yangu kageukia ukutani. Nimemsihi mpaka nimechoka. Mwisho kaniandikia: niliwauliza wao, waulize walichonijibu. Daktari anaondoka saa kumi na mbili.

Akatutazama mmoja mmoja, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza.

— Basi nawauliza. Aliwauliza nini? Na nyinyi mlimjibu nini?

Wakili alifungua mdomo. Huyu ni mtu ambaye nimemsikia akijibu maswali ambayo hata hayajaulizwa. Alisema, "Dada, kwa upande wetu," halafu sentensi ikamfia. Brashi alikuwa anasugua kifundo chake. Dozi alitazama viatu vyake, na mimi nikatazama viatu vya Dozi. Kwenye kila simu ya pale benchini swali lile lilikuwepo, limelala kimya tangu jana mchana, na kati ya wanaume wanne wanaojua kusoma hakuna aliyeweza kulisema.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikachukua simu yangu, nikaingia kwenye rangi, nikalitafuta jina lake, nikaibadilisha nyeusi ikawa kijani. Kwenye mchezo ule ukibadilisha rangi, hata maneno ya zamani yanavaa rangi mpya. Mapengo yote yakajaa kwa mpigo. Dada akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma.

Siku ya kwanza aliandika: "Jamani nisameheni mnyororo. Nilikuwa juu ya ngazi ya tangi, mkono mmoja ngazini, mmoja kwenye simu. Sikutaka kuuachia. Ngazi ndiyo iliyoniachia mimi. Mlivuka?"

Kisha siku iliyofuata: "Mlivuka au hamkuvuka? Hapa wananilisha kuku kwa mrija. Dozi, hiyo nayo ni dawa?" Kisha: "Soli, kuna muuguzi viatu vyake vinalia kama bata, ningekuletea." Kisha habari za mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma mpaka wanamsogeza na kitanda chake. Alikuwa anatuchekesha. Siku baada ya siku, akiwa kimya kitandani, alikuwa anafanya kazi yake ya benchini, na sisi tulikuwa tunapitisha kidole. Halafu yakaanza kufupika. "Mna kazi, najua." "Wakili, hata salamu?" "Mpo?" Siku mbili mfululizo ni hilo tu, mpo.

Nilipofika ya jana nilisoma bila kuipitia kwanza, na hilo ni kosa langu jingine.

"Daktari wa wodi ananiambia wakinipasua nitapumua vizuri lakini sauti haitarudi tena. Wasiponipasua, pumzi itazidi kupungua. Dada yangu hajui habari ya sauti, sitaki alie. Nawauliza nyinyi kwa sababu nyinyi mnanijua kwa kuongea. Nikija bila sauti, mtanitaka benchini?"

Dada alishika nguzo ya kibanda. Nilitaka kunyamaza, akaniashiria kwa kidevu niendelee. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, ulioandikwa dakika arobaini baadaye.

"Sawa. Nimewaelewa."

Pale stendi gari lilikuwa linarudi nyuma na mpiga debe anapiga bati. Muuza kahawa alikuwa amesimama na birika mkononi, hamimini. Dada alifuta macho kwa mgongo wa mkono, unga ukambaki shavuni.

— Amewaelewa nini? akauliza. Si nyinyi hamkusema kitu?

Wakili alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Nilimtazama nikitegemea hasira niliyomwekea muda wote ule, na sikuikuta, kwa sababu simu yangu niliitoa mwenyewe. Brashi alikuwa ameshainamia yake, vidole viwili vinakimbia, machozi yanamdondokea kwenye kioo na anayafuta kwa kidole gumba aendelee. Dozi naye akaanza. Mimi nikajikuta nimeshaandika "njoo" mara tatu.

— Mnafanya nini? dada akauliza.

— Tunamjibu, akasema Brashi. Tunamwambia aje. Hata akiwa bubu, dada, aje tu, tutaongea sisi.

Dada akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa simu ndogo yenye kioo kilichochubuka, imezimwa, akaionyesha mbele yetu.

— Simu anayosomea ni hii, kaka. Ninayo mimi. Yeye yuko wodini, ameangalia ukuta.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Kutoka stendi mpaka hospitali ni nusu saa kwa mtu anayetembea upesi. Sikufunga kibanda, nilimwomba muuza kahawa aviangalie viatu vya watu. Nilipoinua kichwa, Wakili alikuwa ameshavuka barabara, peke yake, anakwenda mbio huku shati limemtoka nje, na hakuwa amesema neno lolote.